UZI: Mwenye hatari ya moyo mpeni vijiko na dakika, msimpe "punguza chumvi"

#1 Lishe_Ibanda

Wakubwa, wadogo, jambo kwenu. Uzi huu ni wa wauguzi, reko (wahudumu wa afya wa mtaani), wakine (wataalamu wa mazoezi ya tiba) na wapishi wa Bukavu, Kongo, wanaoshughulika na watu wenye presha (tansio), sukari, kolesteroli au kiuno kilichozidi, ila moyo wenyewe bado haujaanguka.

"Punguza chumvi" imesemwa kwenye vituo vya afya kuanzia Panzi hadi Bagira na sufuria zimebaki vilevile. Haina kipimo, ndiyo sababu. Mtu anaondoka akiamini ameshatii kwa vile haongezi chumvi mezani, kumbe yote inaingilia jikoni.

Kipimo kizuri ni mfuko wenyewe wa chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kisu, tena kisijae. Watu 8 mara gramu 5 ni gramu 40. Kilo 1 ikigawanywa kwa 40 ni siku 25. Mama mwenye jiko aandike tarehe kwa kalamu juu ya mfuko siku anayoufungua. Ukiisha siku ya 14, hakuna ubishi: kila mtu anakula gramu 9 kwa siku, na hapo kube (vidonge vya kutia ladha ya supu) na makayabu (samaki wa chumvi) havijahesabiwa. Nyumba yenye watoto wengi mfuko udumu zaidi ya siku 25, maana mtoto anatakiwa kula pungufu ya mtu mzima.

Halafu kuna milango ya pembeni. Kube ya gramu 10, nusu ya uzito wake au zaidi ni chumvi. Sufuria ya watu 8 ikitiwa kube 3 imepokea gramu 15, karibu 2 kwa kila mtu, kabla hata chumvi haijashikwa. Makayabu inajulikana. Mlango unaosahaulika ni bikarbonati ya kulainishia maharagi na sombe (majani ya muhogo). Kijiko kimoja cha chai kina sodiamu kama miligramu 1,260, sawa na gramu 3 za chumvi, na ulimi hauitambui kuwa ni chumvi. Ukimuuliza mtu "unatia chumvi kiasi gani?" hataitaja. Muulize "maharagi unayalainisha na nini?"

#2 Kadutu_Juu

Yaya Lishe, hesabu ya mfuko ni nzuri, lakini anayekuja kwenye mashauri ni baba, na anayepika ni mama au binti. Baba anaitikia "ndiyo, ndiyo", jioni sufuria ni ileile. Mnamshauri nani hasa?

#3 Lishe_Ibanda

Umegusa penyewe, kaka. Anayeshauriwa ni mwenye kijiko. Kama baba amekuja peke yake, hiyo siku ipimwe presha tu, na mazungumzo ya chakula yapangiwe siku atakayokuja na mpishi wake. Na usikubali hata kidogo kile kisufuria cha pembeni, "chakula cha mgonjwa". Hakimalizi mwezi. Mgonjwa anajiona ametengwa, mpishi anachoka na makala (makaa) ya jiko la pili, halafu watu 7 waliobaki wanaendelea kula gramu 9. Presha ya baba mara nyingi inawasubiri na watoto wake.

Kushuka kuwe kwa robo. Anayetia vijiko 4 vya chai atie 3 kwa wiki 2, kisha 2 na nusu, kisha 2. Ulimi huzoea chumvi ndogo ndani ya wiki 4 hadi 8. Baadaye chakula cha zamani ndicho kitakachoonekana kikali. Anayeshuka kutoka 4 hadi 1 siku moja ataasiwa na nyumba nzima siku ya tatu, na mfuko utarudi mezani.

Tena tusiwapeleke watu kwenye chumvi isiyo na iodini eti ni "ya asili". Huku kwetu hilo si dogo: kisiwa cha Idjwi, hapo hapo Ziwa Kivu, kilijulikana kwa rovu la shingo kiasi cha kufuatwa na watafiti miaka ya 1960. Chumvi iwe ya iodini, kidogo, itiwe mwishoni mwa kupika kwa sababu moto mrefu unapoteza iodini. Faida ya pili: inayotiwa mwishoni inasikika zaidi mdomoni, kwa hiyo kidogo kinatosha.

#4 Jiko_la_Essence

Acha nishuke kwenye sufuria. Sombe ya watu 8, kama kilo 1.5 ya majani yaliyotwangwa.

Inachemshwa peke yake kwanza, maji mengi, sufuria wazi bila kifuniko, saa 1 au zaidi. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi inayotoka na mvuke, na kutwanga vizuri ndiko kunakoifungua. Anayetwanga nusunusu halafu akatia bikarbonati ili ilainike haraka amepata laini tu, sumu hajaishughulikia na sodiamu ameiongeza. Atwange kweli, aongeze dakika 30 za moto, bikarbonati ibaki dukani.

Kisha vitunguu 3 vikubwa, puaro (liki) 2, seleri kishada kimoja, poivro (pilipili hoho) 2. Sasa siri ya kuiacha kube: sambaza (dagaa wa ziwani) wakavu wasiotiwa chumvi, kikombe kimoja. Wakaange kwenye kikaango kikavu bila mafuta, dakika 3 au 4, mpaka harufu ijae jikoni na mkia uvunjike ukiushika. Wakigeuka kahawia nyeusi umechelewa, watakuwa wachungu. Watwange wawe unga. Unga huo unaingia pamoja na vitunguu, na ndio unaoleta ule "utamu wa nyama" watu wanaoufuata kwenye kube. Nunua wale unaowaonja kwanza, maana sokoni wapo waliokaushwa na chumvi, na macho hayawezi kuwatofautisha.

Mawese vijiko 6 vya mezani, dakika 20 za mwisho. Chumvi vijiko 2 vya chai, dakika 5 za mwisho. Ndimu nusu ukishaepua. Bugali haina chumvi, kwa hiyo mlo mzima ni kama gramu 1.3 za chumvi kwa mtu, na hapo umebaki na nafasi ya maharagi ya jioni.

Maharagi: yaloweshwe usiku kucha, maji yamwagwe, yapikwe bila chumvi. Nyanya na ndimu zisubiri mpaka yameiva. Tindikali inayafanya yawe magumu, ndiyo maana watu wanakimbilia bikarbonati. Kuloweka kunapunguza na makala.

#5 Mzee_wa_Bidoni

Vijiko 6 vya mawese kwenye sombe ya watu 8? Hiyo ni mboga ya hospitali. Mawese yana vitamini A, wazee wetu waliyala na walipanda milima hii hadi miaka 80. Mnayashambulia bure.

#6 Lishe_Ibanda

Muzee, heshima kwako. Vitamini A ni kweli, iko kwenye ule wekundu. Ndiyo sababu kuyachoma mpaka yawe meupe ni hasara tupu: wekundu umekufa, mafuta yamebaki.

Ila karibu nusu ya mawese ni mafuta magumu, yale yanayopandisha kolesteroli mbaya. Kijiko kimoja cha mezani ni gramu 14 za mafuta, na ndani yake kama 6.7 ni magumu. Mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku asizidi gramu 22 za namna hiyo. Gobole ya mililita 250 ni vijiko zaidi ya 16. Gawa kwa watu 8, kila mmoja ameshapata karibu gramu 14 kwenye mboga moja tu, bado hajala mandazi ya asubuhi. Vijiko 6 vinampa gramu 5. Wekundu wa kutosha, gharama ndogo kwenye mshipa. Anayeona sombe imekauka aongeze vijiko 3 vya karanga iliyosagwa isiyo na chumvi. Inaleta uzito mdomoni na mafuta yake mengi ni laini.

Wazee waliopanda milima hadi 80 walikuwa wanapanda kweli, muzee. Hilo nitamwachia kine.

Jambo moja la dukani: yale mafuta ya njano yanayong'aa kwenye bidoni (dumu), watu huyanunua wakidhani wameyaacha mawese. Geuza bidoni usome kibandiko. Kikiandika "oléine de palme", ni mawese yaliyochujwa, na mafuta magumu bado ni zaidi ya theluthi. Yanayobadilisha hali ni alizeti, soya au karanga. Na hayo pia kwa kijiko: vijiko 2 vya mezani kwa mtu kwa siku, vyakula vyote pamoja. Bidoni ya lita 5 kwa watu 8 idumu siku 20.

#7 Mzee_wa_Bidoni

Hesabu nimeielewa. Vijiko 8 basi, tusigombane.

#8 Kine_Muhumba

Nimeitwa. Mazoezi.

Lengo linajulikana: dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na siku 2 za kutumia misuli. Tangu mwongozo wa mwaka 2020 ile sharti ya "lazima dakika 10 mfululizo" imeondolewa, kila dakika inahesabiwa. Shida ya Bukavu ni mlima. Ukimwambia mtu wa Nguba chini karibu na ziwa "tembea dakika 30", na ukamwambia maneno hayohayo mtu wa Kadutu juu, umeandika dawa mbili tofauti. Kutembea tambarare kilomita 5 kwa saa ni kazi mara 3 na nusu ya kukaa. Kupanda mteremko mkali kwa mwendo huohuo kunapita mara 6. Na tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari.

Kwa hiyo kipimo kiwe mdomo. Mwendo wa wastani: unaweza kutoa sentensi nzima, wimbo huuwezi. Ukiimba bila shida, umelegea. Ukitoa maneno mawili matatu ukakata kuvuta pumzi, umezidisha. Punguza mwendo, usisimame ghafla.

Ratiba ya anayeanza kutoka kukaa: dakika 10, siku 5 kwa wiki, mahali pa tambarare, wiki 2. Ongeza dakika 5 kila wiki 2. Wiki ya 9 amefika 30, na 30 mara 5 ni 150. Hapo ndipo mlima unapoingia: panda dakika 2, tembea polepole dakika 2, mara 4. Kabla ya wiki ya 9 mlima ni usafiri, si zoezi. Apande kwa vipande, apumzike kwenye kila kona, au achukue moto (pikipiki) bila aibu.

Kosa kubwa la hapa kwetu linatokana na ramani ya mji. Anayeishi juu anaanza mazoezi kwa kushuka, mwili ukiwa baridi, na anayamaliza kwa kupanda. Yaani sehemu ngumu iko mwisho, anafika mlangoni moyo uko juu, anajitupa kwenye kiti. Damu inabaki miguuni, presha inaanguka, kizunguzungu. Anayekunywa dawa za presha ndiye anayeanguka zaidi. Dawa yake: akate mlima kwa ubavu, atembee kwenye njia zinazofuata kiwango kimoja badala ya kushuka na kupanda. Kama nyumba haina njia ya namna hiyo, akifika juu azunguke uani dakika 5 hadi 8 kwa mwendo wa kufagia, ndipo akae.

Kushuka nako kunaumiza magoti kuliko kupanda. Hatua fupi, goti lililokunjwa kidogo, njia ikiwa pana ashuke kwa mshazari. Wakati wa mvua udongo wetu unateleza kama sabuni: viatu vya kufunga, si kandambili. Miezi ya 6 hadi 8 vumbi la barabara kubwa ni kali, atoke mapema asubuhi kabla magari hayajaanza.

#9 Kadutu_Juu

Docta kine, mama anayebeba bidoni ya lita 20 mara tatu kwa siku kutoka bombani, naye unamwambia atembee dakika 30?

#10 Kine_Muhumba

Hapana. Njia anayotembea ihesabiwe, na mara nyingi anakuta amepita 150 bila kuniuliza. Tatizo lake ni mzigo wenyewe. Kilo 20 mgongoni na kamba kichwani, anabana pumzi wakati wa kuinuka, na pumzi iliyobanwa inarusha presha juu sana kwa sekunde chache. Mwenye presha abebe lita 10 mara mbili, au bidoni iinuliwe na mtu wa pili. Akiinuka atoe pumzi nje kwa sauti, "fuuu", wakati ule ule miguu inaponyooka.

Misuli siku 2 kwa wiki inamhusu zaidi anayekaa ofisini au dukani: kukaa na kusimama kwenye kiti bila kushika mikono, mara 8 hadi 12, kupumzika dakika 1, kurudia. Kusukuma ukuta idadi hiyohiyo. Kupanda na kushuka kwa visigino kwenye kidato kimoja cha ngazi, mkono ukiwa ukutani. Pumzi haibanwi popote.

Asianze zoezi siku ambayo presha akiwa amekaa ni 180 kwa 110 au zaidi. Wala mwenye homa. Aliyeambiwa ana valvu mbovu, moyo mkubwa, au aliyepata shida ya moyo karibu na kujifungua, ratiba ya hapo juu haimhusu mpaka docta wa moyo aseme.

#11 Infi_Bagira

Swali la kazi. Wengine wanafundishwa kuhesabu mapigo ya mkono, sekunde 15 mara 4. Mtu anapanda mpaka anatweta, mapigo 95. Anasema bado sijafika, anaongeza.

#12 Kine_Muhumba

Huyo angalia karatasi yake ya dawa. Atenolol, bisoprolol, propranolol: zote zinafunga mapigo yasipande. Kwake namba haisemi ukweli, na akiifuata atajiumiza. Mdomo tu, au kipimo cha uchovu cha 6 hadi 20, abaki kati ya 12 na 14, "nachoka kidogo lakini naweza kuendelea". Na asiache dawa hizo ghafla kwa sababu amejisikia mzima, mapigo yanarudi kwa fujo.

Mwenye sukari anayetumia insulini au glibenklamide apime kabla ya kutoka. Chini ya 90 (mg/dl), ale ndizi moja kwanza. Mfukoni sukari vijiko 3 vya chai kwenye karatasi, kila mara, hata kama anaenda Nyawera tu.

#13 Infi_Bagira

Aksanti. Na mimi niongeze upande wa kupima, maana ushauri wote huu unahukumiwa na mashine.

Mtu amepanda mlima hadi kituoni dakika 20, ameingia, amekaa, mkono umefungwa hapohapo: 168 kwa 98. Anaongezewa dawa. Wiki ya pili amekuja na moto: 134. Tunasema dawa imefanya kazi! Aliyepanda kwa miguu asubiri dakika 30, zile 5 za mwisho akiwa kimya, mgongo umeegemea, miguu chini haijapishana, amekojoa, hajanywa kahawa. Mkono juu ya meza usawa wa moyo. Mkono ukining'inia namba inapanda. Kanda ikiwa ndogo kwa mkono mnene namba inapanda tena, na vituo vingi vina kanda ya ukubwa mmoja tu. Pima mara 2, acha dakika 1 au 2 katikati. Nyumbani mpaka ni 135 kwa 85, kituoni ni 140 kwa 90.

Kiuno nacho kipimwe kwa mita ya fundi nguo, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pumzi ikiwa imetoka kawaida. Mwanaume kuanzia sentimita 94 ameingia kwenye hatari, 102 ni hatari kubwa. Mwanamke 80 na 88. Ukipima juu ya mkanda wa suruali, wenye tumbo lililoning'inia wote watakuwa wazima.

#14 Farmasi_Nyawera

Sasa niwaharibie furaha. Mtu anaanza kutembea, wiki ya pili goti linauma, anaingia farmasi: "nipe diklofenaki." Anakula vidonge 2 kwa siku mwezi mzima. Diklofenaki na ibuprofeni zinabakisha chumvi na maji mwilini, zinapandisha presha, zinabishana na dawa za kukojoza na kuchosha figo. Faida ya sombe ya vijiko viwili imekwisha hapo. Goti la kushuka mlima lianze na parasetamol ya kumeza, siku 3 za tambarare, kitambaa cha maji baridi. Na iwe kidonge cha kawaida: ile inayochemka ndani ya maji inabeba sodiamu ya kama gramu 1 ya chumvi kwa kila kidonge. Vinne kwa siku vimemaliza karibu chumvi ya siku nzima.

Muulizeni kila mtu, kabla ya kumwongezea dawa ya presha: "maumivu unayatuliza na nini?" Ni ndugu ya swali la bikarbonati.

#15 Kasiksi_si_dhambi

Na bia mmeisahau au mmeiogopa?

#16 Lishe_Ibanda

Haiogopwi. Chupa kubwa ya sentilita 72, asilimia 5, ina gramu 28 za alkoholi. Vitabuni "kinywaji kimoja" ni gramu 10 hadi 14, kwa hiyo anayesema "nakunywa kimoja tu jioni" anakunywa 2 au 3. Chupa igawanywe na mwenzake, na ziwepo siku za wiki zisizo na pombe kabisa. Kasiksi (pombe ya ndizi) nguvu zake zinabadilika pipa kwa pipa, haina hesabu ya kuaminika. Kwa mwenye presha isiyotulia bora aiache. Brosheti (mishikaki) za pembeni yake zinakuja na chumvi na kube iliyosagwa, nazo ziingie kwenye hesabu.

Sukre (soda) ya sentilita 33 ina sukari kama gramu 35. Kikomo cha siku ni 50, na kikiwa 25 ni bora zaidi. Chai ya vijiko 3 mara 3 kwa siku imeshakaribia 40 bila sukre yoyote, na ndiyo ninayoanza nayo, kwa sababu watu hawaihesabu kuwa kitu kitamu.

#17 Reko_Panzi

Haya yote ni mazuri, lakini nani atayasema? Muuguzi ana foleni hadi barazani. Dakika 3 kwa mtu.

#18 Infi_Bagira

Jopo la wataalamu wa kinga la Marekani lilipitia utafiti mwaka 2020 juu ya watu wenye presha au mafuta mabaya kwenye damu: ushauri uliozaa matunda ulikuwa na mikutano kama 12, jumla saa 6 kwa mwaka. Hizo saa hatuna, lakini kukutana mara 12 kunawezekana. Ni afadhali dakika 3 mara 12 kuliko nusu saa mara moja, maana nusu saa inasahaulika kwenye ngazi za kutokea.

Dakika 3 zinaenda hivi. Uliza jambo moja, "mfuko wa chumvi uliisha siku ngapi?" Taja jambo moja la kubadilisha, lenye namba. Halafu: "kutoka 0 hadi 10, unaamini kiasi gani kwamba utaweza?" Akisema 4, usimhubirie. Muulize "kwa nini si 2?" na atakutajia mwenyewe nguvu alizonazo; kisha "tufanye nini ifike 7?" na hapo ndipo lengo linapunguzwa: kube 3 ziwe 2, siyo sifuri. Andika kwenye karatasi yake, ukurasa wa mbele, ili anayempokea mwezi ujao asianze upya na "punguza chumvi". Reko anapita katikati ya mwezi kutazama tarehe ya mfuko, basi. Hapimi presha, hahubiri.

Na tusiahidi miujiza. Kilo 1 ya uzito ikitoka, presha ya juu inashuka kama pointi 1. Chumvi na mwendo, kila kimoja kinatoa pointi 5 hadi 8 kwa mwenye presha. Kwa mwenye 150 hiyo ni kazi kubwa; kwa mwenye 190 ni nyongeza juu ya dawa, haichukui nafasi ya dawa.

#19 Farmasi_Nyawera

Kabla ya kumwambia kila mtu ale majani, ndizi na avoka kwa ajili ya potasiamu: mwenye figo mbovu, au anayetumia spironolactone, enalapril, captopril au lisinopril, apimwe potasiamu ya damu kwanza. Ikizidi inasimamisha moyo. Na anayekunywa warfarin asiambiwe "acha lengalenga" wala "ongeza lengalenga". Vitamini K ya majani inabishana na dawa, kwa hiyo kinachotakiwa ni kiasi kilekile kila wiki. Aliyezoea kikombe kimoja kila siku abaki na kikombe kimoja. Hatari inakuja akisafiri kijijini akala sombe siku saba mfululizo, au akifunga.

#20 Kine_Muhumba

Nami nimalizie upande wangu. Kifua kubana wakati wa kupanda, kama kimewekewa jiwe, kikaenda taya au mkono wa kushoto, jasho baridi: asimame, akae hapohapo. Ikipita baada ya dakika chache, kisha kesho inarudi hata akienda polepole, hiyo siyo "gastriti ya kutembea", ni mshipa wa moyo na anatakiwa docta wiki hiyohiyo. Isipopita, hospitali mara moja, kwa gari, asipande hata hatua moja kwa miguu. Wanawake na wenye sukari wengine hawasikii kifua kabisa. Pumzi inakata na uchovu wa ghafla, basi.

Mwenye moyo dhaifu ajipime uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai. Kilo 2 ndani ya siku 3 ni maji, si mafuta.

#21 Kadutu_Juu

Yaya Lishe, nimerudi kwenye mfuko. Huku juu wengi hawanunui kilo. Wananunua kifuko kidogo cha kufunga, muuzaji amekijaza mwenyewe, hakina gramu. Tarehe itasaidia nini?

#22 Lishe_Ibanda

Swali zuri. Kifuko kimoja kimwagwe kwenye sahani kavu, mara moja tu, kihesabiwe kwa kijiko cha chai kilichosawazishwa. Tuseme vimetoka vijiko 12. Watu 8, kijiko kimoja kila mtu, vijiko 8 kwa siku: kifuko ni siku moja na nusu, vifuko 2 ni siku 3. Mama ahesabu vifuko vya wiki: visifike 5. Muuzaji akibadilika, hesabu upya, maana vidole vya kila muuzaji vina kipimo chake. Na chumvi ya vifuko vya wazi inapoteza iodini kwa jua na unyevu, kwa hiyo achague iliyo ndani ya duka, siyo ile inayoning'inia mlangoni, na akifika nyumbani aitie kwenye chupa yenye kifuniko.

#23 Kadutu_Juu

Aksanti yaya. Kesho reko wawili wanapita Nyamugo na vijiko.